Clash of Clans kwa mtoto wa miaka sita?

Dada uliyeuliza kama mwanao wa miaka sita acheze Clash of Clans, ule mchezo wa kujenga kijiji na kuvamia vya wengine mtandaoni, kwa simu yako: mimi ningesema asubiri. Kuna wachezaji wasiojulikana wa kupiga nao soga, kuna vito vya kununua kwa pesa halisi, na kijiji chake kinavamiwa akiwa amelala. Asubuhi ni kilio tu.

Mwanzishie Plants vs. Zombies, ile ya kwanza ya 2009: unapanda mimea kuwazuia wafu wanaotembea wasiingie nyumbani, na jua ndiyo pesa ya kununulia mimea hiyo. Alizeti inagharimu jua 50, mmea unaotema njegere 100, kwa hiyo mtoto lazima aamue: nipande alizeti nivune jua zaidi, au nijilinde sasa hivi? Mkakati wenyewe ndio huo. Kaa naye raundi mbili tatu, umuulize kwa nini amepanda pale. Wale wafu wanaotembea wanachekesha kuliko kutisha, ila mwanao unamjua wewe.

Alama za 3+ au 7+ kwenye Play Store zinahusu vitisho, matusi na mambo kama hayo. Hazikwambii kama ataweza mchezo, wala kama maelezo yake ni Kiingereza kirefu asichokisoma bado. Weka nywila kwenye manunuzi, uzime data akicheza. Matangazo mengi yatapotea na bando litapona.

Na omweso, lile bao la Uganda, je, mmeshamfundisha? Mashimo 32, kete 64, na babu yake hapo Masaka au popote alipo atafurahi kumshinda.