Peke Yako kwa Treni, Uskoti na Kaskazini mwa Uingereza: Majibu ya Maswali Yenu

Nitashuka London nikiwa na siku 8. Sitaki kukodi gari, na nasafiri peke yangu. Nipite wapi? (Msomaji, Mombasa)

Anza kupanga kutoka kaskazini, urudi kusini. Kati ya London na Edinburgh treni ni nyingi. Ikikupita moja, nyingine haiko mbali. Huko juu mambo ni tofauti. Inverness kwenda Kyle of Lochalsh ni treni 4 tu katika siku ya kazi, Glasgow kwenda Mallaig ni 3, na Jumapili zinapungua zaidi. Basi tarehe za njia hizo mbili ziandike kwanza, mengine yote yazifuate.

Mzunguko tunaoupendekeza ni huu. London hadi York ni mwendo wa takriban saa 2. Lala York, uone Makumbusho ya Taifa ya Reli, ambayo yako jirani kabisa na stesheni na hayana kiingilio. York hadi Edinburgh ni saa 2 na nusu. Kaa upande wa kulia, utaona kanisa kuu la Durham juu ya kilima, kisha daraja la Berwick lenye matao 28, lililofunguliwa mwaka 1850, na baada yake bahari. Edinburgh hadi Inverness ni saa 3 na nusu, Inverness hadi Kyle saa 2 na nusu. Kutoka Kyle unavuka daraja kwa basi kuingia kisiwa cha Skye, unateremka hadi Armadale, unapanda kivuko cha CalMac kwenda Mallaig. Hapo penye basi ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu mabasi ni machache na hayasubiri kivuko. Hakikisha ratiba ya basi kabla ya kulipia kitanda Mallaig. Kisha Mallaig hadi Glasgow, zaidi ya saa 5, na siku inayofuata Carlisle, Settle, Leeds, London.

Siku 8 zinatosha. Ukiwa na 6, acha Skye; nenda Kyle na urudi Inverness siku hiyohiyo.

Tiketi ya York hadi Edinburgh naiona kwa bei ya chini sana, na nyingine imeizidi mara kadhaa. Kiti si kilekile? (Msomaji, Dodoma)

Kiti ni kilekile, masharti siyo. Tiketi ya bei ya chini huitwa Advance, nayo imefungwa kwenye treni moja tu. Ukichelewa kwa uzembe wako, imekufa, unanunua upya. Tena hairuhusu kushuka njiani: huwezi kuteremka Durham ukatembea saa 2 kisha ukaendelea na safari. Hata kuishia Haymarket badala ya Waverley, stesheni mbili za Edinburgh zilizo jirani, angalia kwanza tiketi yako imeandikwa wapi. Off-Peak inakuruhusu kupanda treni yoyote nje ya saa za msongamano, na kwa kawaida unaweza kushuka njiani ukaendelea baadaye. Anytime ni ya saa zote na ndiyo ghali kuliko zote.

Advance huanza kuuzwa takriban wiki 12 kabla ya safari. Inunue kwa vipande virefu kama London–York na York–Edinburgh, ambako akiba ni kubwa na treni ni za kuaminika. Kwa reli ya Settle, chukua tiketi inayokuacha huru. Ndani ya Uskoti, kampuni ya treni ya ScotRail iliondoa nauli za saa za msongamano tarehe 1 Septemba 2025, kwa hiyo kusafiri asubuhi hakukugharimu zaidi.

Nunua kwenye tovuti ya kampuni yoyote ya treni. Zote zinauza tiketi za nchi nzima bila ada ya huduma, ilhali baadhi ya wauzaji wa kati huongeza ada. Na kama una miaka 16 hadi 30, au umefika 60, nunua Railcard kwa pauni 35. Hupunguza theluthi moja ya nauli kwa mwaka mzima, na haiangalii uraia wala makazi. Kadi za vijana zina sharti moja: siku za kazi kabla ya saa 4 asubuhi, kwa kawaida nauli haishuki chini ya pauni 12 hata baada ya punguzo. Kama kadi yako iko kwenye simu, hakikisha simu ina chaji. Kondakta akiikuta imezima, utalipa kama mtu asiye na kadi.

Kwenda Mallaig nikae kulia au kushoto? Sitaki kulikosa daraja la Glenfinnan. (Msomaji, Leicester)

Kaa kulia ukitoka Glasgow, na usihame. Wengi huambiwa kushoto, wakasahau kwamba treni hugeuza mwelekeo Fort William: inaingia na kutoka kwa njia ileile, kichwa kikawa mkia. Aliyekuwa kulia sasa yuko kushoto, akitazama nyuma, na kushoto ndiko kwenye ziwa Shiel na mpindo wa daraja lenye matao 21 ya zege. Kabla ya hapo, kiti hichohicho kitakuwa kimekupa ziwa Lomond. Utakachokosa ni maji ya Gare Loch na Loch Long mwanzoni, na ziwa Treig baadaye kidogo. Ukitoka Mallaig, kama katika mzunguko wetu, ni hivyohivyo: kaa kulia, utajikuta kushoto baada ya Fort William.

Treni ya mvuke inayotangazwa sana hupita kwenye reli hiyohiyo, Fort William hadi Mallaig. Mandhari hayabadiliki, nauli ndiyo inayobadilika. Kwa anayehesabu pesa, treni ya kawaida inatosha.

Nimesikia treni ya Mallaig hukatwa katikati. Kweli? (Msomaji, Muscat)

Kweli. Kwa safari nyingi, mabehewa hutenganishwa stesheni ya Crianlarich: mengine huenda Oban, mengine Fort William na Mallaig. Soma kibao cha behewa lako kabla ya kukaa, na muulize kondakta mapema. Ukiwa peke yako hakuna wa kukushtua ukisinzia.

Jambo jingine: Glasgow ina stesheni kuu mbili. Treni za Mallaig hutumia Queen Street, za Carlisle hutumia Central. Kati yake ni kama dakika 10 kwa miguu. Ukiwa na begi jipe 25, maana milango ya treni huweza kufungwa hadi dakika 2 kabla ya kuondoka.

Na stesheni ndogo kama Beasdale na Lochailort, treni husimama ikiombwa tu. Ukiwa ndani mwambie kondakta. Ukiwa nje simama panapoonekana, unyooshe mkono vizuri.

Mimi ni mwanamke, nitasafiri jioni. Kuna usalama? (Msomaji, Mwanza)

Kwa jumla, ndiyo. Kaa behewa lenye watu au karibu na kondakta. Weka namba 61016 kwenye simu: ukituma ujumbe mfupi unawafikia polisi wa reli bila mtu wa karibu kujua. Kwa dharura, 999. Panga ufike stesheni za vijijini kabla ya giza. Desemba huko Inverness jua huzama kama saa 9 na nusu alasiri, Juni ni baada ya saa 4 usiku. Treni ya mwisho ikifutwa, bonyeza kitufe cha msaada kilichoko jukwaani na usiondoke stesheni. Kampuni hutakiwa kukufikisha au kukutafutia malazi pale inapowezekana.

Je, daraja la Ribblehead linaonekana vizuri kutoka ndani ya treni? (Msomaji, Nakuru)

Hapana, uko juu yake. Shuka stesheni ya Ribblehead, iliyo kati ya Carlisle na Settle, tembea kama dakika 15 hadi chini ya matao yake 24, kisha upande treni inayofuata. Angalia ratiba kabla ya kushuka, kwani pengo huweza kufika saa 2 au zaidi, na mvua ya pale haina mahali pa kuikimbilia. Reli hii ya Settle, iliyofunguliwa kwa abiria mwaka 1876, ilinusurika kufungwa mwaka 1989 baada ya wananchi kuipigania. Ipe siku yake.

Treni ikichelewa nalipwa? (Msomaji, Kigoma)

Ndiyo, ukidai ndani ya siku 28. Kampuni za Northern na TransPennine huanzia ucheleweshaji wa dakika 15, robo ya nauli. Kampuni za ScotRail na LNER huanzia dakika 30, nusu ya nauli. Usitupe tiketi, piga picha yake.

Noti za Uskoti zinapokelewa Leeds? (Msomaji, Arusha)

Mara nyingi, lakini duka linaweza kukataa. Zimalize kabla ya kuvuka Carlisle, na usirudi nazo nyumbani: wabadilishaji wengi wa fedha nje ya Uingereza hawazitaki.