Maswali na majibu: Mitumbwi miwili juu ya keria ya kuchomelea, niifungeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser ya zamani, ile yenye mfereji wa maji pembeni mwa paa. Fundi wa mtaani kwetu hapa Tanga amenichomelea keria ya skwea paipu yenye miguu minne inayobana kwenye huo mfereji. Nataka kupakia mitumbwi miwili ya faiba, kila mmoja una urefu wa mita 4.9 na uzito wa kilo 32, niipeleke Ziwa Duluti kule Arusha kwa ajili ya wageni wanaopenda kupiga kasia. Nina mipira ya tyubu na kamba ya manila ya kutosha. Nikiibana vizuri kwenye keria si inatosha? Kamba za mbele zinazoshuka hadi kwenye bampa naona zitaniziba macho barabarani.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Haitoshi, na nakuomba usiondoke Tanga kabla hujamaliza kusoma. Keria kazi yake ni kubeba uzito. Kinachotakiwa kuushika mtumbwi usiondoke ni gari lenyewe. Ukifunga kila kitu kwenye keria peke yake, maisha ya watu wanaokuja mbele yako na nyuma yako umeyaweka juu ya miguu minne na weldingi ambayo wewe hukuwepo ilipopigwa.

Miaka kadhaa nyuma mteja wangu mmoja alifunga mtumbwi wake kwa mipira ya tyubu tu, akaivuta mpaka ikalia. Alipofika Hale akasikia mlio juu ya kichwa, akasimama. Omo ya mtumbwi, yaani ncha ya mbele, ilikuwa imeshahamia upande wa magari yanayopishana naye. Mguu mmoja wa keria ulikuwa umeteleza kwenye mfereji kama sentimita nne na kukwangua rangi hadi kwenye bati. Boliti zake hazikuwa zimelegea. Mpira ndio ulikuwa unavutika na kurudi, unavutika na kurudi, na kila ukirudi mtumbwi unaipiga keria. Tangu siku ile mpira wa tyubu nautumia kwa kazi moja: kuviringisha kwenye bomba za keria ili faiba isikwaruzike na isiteleze. Kwa kazi hiyo hauna mpinzani.

Nguvu yenyewe inatoka kwenye upepo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kila mita moja ya mraba inayokutana na upepo uso kwa uso inasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 30. Ukifika 100 inakuwa karibu kilo 47, kwa sababu upepo haupandi sawasawa na mwendo, unapanda kwa kipeo cha pili. Sasa mtumbwi uliolazwa kifudifudi una uvungu, na upepo unaoingia kwenye uvungu huo unainua omo. Basi kubwa likikupita kwa kasi upande wa pili, upepo huo unageuka kuwa pigo la ubavuni. Na ukikanyaga breki ya ghafla, kilo 64 za mitumbwi yako zinasukuma mbele kwa nguvu inayokaribia kilo 50, wakati miguu ya keria haina kinachoizuia kuteleza kwenye mfereji isipokuwa msuguano wa kibano chake.

Kwa hiyo kwanza tuiangalie keria. Panda juu, shika bomba la mbele kwa mikono miwili, lisukume kwenda mbele na kurudi nyuma kwa nguvu zako zote. Miguu ikiinama hata kidogo, mwambie fundi aongeze mkono wa mshazari kutoka kwenye mguu hadi kwenye bomba refu la ubavuni. Keria nyingi za mtaani zina miguu iliyosimama wima bila mshazari, na hapo ndipo zinapovunjika. Kama bajeti inaruhusu, ongeza miguu miwili ya katikati iwe sita. Angalia weldingi kwenye kila kona: iwe imezunguka bomba lote, si vidonda viwili vitatu vya kushikiza. Bomba za kukatiza ziwe za 40 kwa 40 zenye unene wa milimita 2. Hizi nyembamba za 25 naziona kila siku, na sizipendi kwa mzigo mrefu. Urefu wa bomba uwe kama sentimita 195 ili mitumbwi miwili ikae ubavu kwa ubavu, na bomba la mbele na la nyuma ziachane mita moja na robo au zaidi. Ncha za bomba zizibwe. Maji yakiingia humo kutu inakula kwa ndani bila wewe kuona.

Halafu mwambie akuchomelee masikio madogo ya nondo juu ya bomba, kila moja likae sentimita moja nje ya ukingo wa mtumbwi. Hayo ndiyo yanayozuia mtumbwi usitembee kwenda kushoto na kulia.

Mitumbwi ilale kifudifudi, kingo zikiwa juu ya mpira. Kila mtumbwi upate mikanda miwili, mmoja kwenye bomba la mbele na mmoja la nyuma. Usipitishe mkanda mmoja juu ya mitumbwi yote miwili, maana mmoja ukisogea wa pili nao umelegea. Mkanda upite juu ya mgongo wa mtumbwi, ushuke karibu kabisa na ukingo, uzunguke chini ya bomba, urudi. Wengi wanaupeleka hadi mwisho wa bomba, na hapo unabaki uwazi wa pembetatu ambao mtumbwi unautumia kuhama. Tumia mikanda yenye kibano cha kawaida cha kuvuta kwa mkono. Ile ya racheti, yenye mpini wa kukazia kwa kliki, ina nguvu kupita kiasi kwa faiba. Nimeona mtumbwi mzuri umepasuka rangi yake ya juu mstari mzima kwa sababu mtu aliongeza kliki mbili za mwisho. Kama racheti ndiyo uliyonayo, simama mara tu mkanda unapokuwa mgumu kama kamba ya kuanikia nguo iliyovutwa vizuri. Na usokote mkanda mara moja kabla ya kubana, usiwe bapa juu ya mgongo wa mtumbwi, la sivyo upepo utauimbisha safari nzima na kuulegeza.

Kuhusu kamba za mbele, hapo siwezi kukubaliana nawe. Funga kamba mbili kutoka kwenye omo ya kila mtumbwi, zishuke zikiachana, moja kulia na moja kushoto. Ni nyembamba, na baada ya kilomita kumi macho yako yatakuwa yamezizoea. Zifunge kwenye ndoano za kuvutia gari, kamwe si kwenye bampa la plastiki. Ukiona zinasugua boneti, kata vipande viwili vya mkanda, vikunje viwe vitanzi, toboa kwa msumari wa moto na uvikaze chini ya boliti za madigadi ndani ya boneti. Ukifunga boneti vitanzi vinachungulia nje, ukishusha mzigo unavirudisha ndani. Nyuma, kwenye tezi, fanya vivyo hivyo hadi kwenye ndoano ya chini.

Kamba yenyewe isiwe manila ya plastiki. Inateleza kwenye fundo na jua linaila haraka. Katani yetu ya Tanga naipenda kwa mengi, lakini ikilowa inajikunja na ikikauka inarefuka: ukiifunga alfajiri ikiwa na unyevu wa bahari, ukifika Same imeshalegea. Nailoni nayo inavutika. Tafuta ya poliesta ya milimita 8 au 10 kwenye maduka ya zana za uvuvi.

Fundo mwulize utingo yeyote wa lori, atakuonyesha kwa dakika moja. Ncha moja inafungwa kwenye omo. Katikati ya kamba, usawa wa juu kidogo ya boneti, tengeneza kitanzi. Ncha iliyobaki ipite kwenye ndoano ya gari, irudi juu, ipite ndani ya kitanzi, kisha uivute kwenda chini. Kwa kuvuta hivyo nguvu ya mkono wako inaongezeka sana, kwa hiyo jizuie: kamba inyooke tu, isiipinde omo. Mkia unaobaki uuviringishe na kuufunga kabisa. Kamba ya mbele ikianguka ikakanyagwa na tairi, inaivuta omo chini na kuuvunja mtumbwi juu ya paa lako.

Ukimaliza, shika omo uitikise kwa nguvu kulia na kushoto. Gari zima linatakiwa litikisike pamoja nayo kwenye springi zake. Mtumbwi ukicheza na gari likatulia, rudia kazi.

Nyuma funga kitambaa chekundu kwenye kila tezi, na safiri mchana. Mwendo usizidi 80, na ukitoka Same kuelekea Mwanga upepo ukikukuta ubavuni, punguza zaidi. Kituo cha kwanza kiwe Muheza, hata kama unaona kila kitu kimetulia, kwa sababu kingo zinakuwa zimeshakaa kwenye mpira na mikanda imepata nafasi. Ibane tena, pitisha kidole kwenye kila mguu wa keria uone kama rangi imekwanguka, angalia kama mafundo manne ya mbele yako kama ulivyoyaacha. Kisha Korogwe, kisha Same. Ukiona mguu umehama hata milimita tano, shusha mitumbwi hapo hapo umtafute fundi wa weldingi kabla ya kuendelea.