Jibu: Sabuni ya mwani imekataliwa hotelini

Waalaykum salaam dada. Umesema sabuni zako za mwani umeziandika "rafiki wa mazingira", na bado hoteli ya kule Kiwengwa imekurudishia boksi zima.

Tazama kwanza kifungashio. Mimi niko Wete, nachanganya mwani na mafuta ya karafuu, na yalinikuta hayo hayo. Mnunuzi alichukua kipande kimoja, akakikwaruza kwa ukucha, nailoni ikalia. Akanirudishia bila neno. Tangu siku ile nafunga kwa ukili na uzi wa makumbi. Gharama imepanda kidogo, lakini sabuni inapokelewa.

Halafu futa yale maneno makubwa. Andika mwani umetoka pwani gani, kaulima nani, umemlipa kiasi gani kwa kilo. Kina mama wa Paje na Jambiani wanaulima tangu 1989, hiyo ni habari tosha.

Na usiahidi mzigo mkubwa kila mwezi ukitegemea cottonii, aina moja ya mwani, maana maji yakipata joto inakufa. Spinosum, aina nyingine ya mwani, bei yake ndogo, ila inastahimili zaidi. Kuuza nje ya nchi sijawahi, huko muulize aliyefanya.

Wapelekee vipande kumi vya kujaribu, urudi baada ya wiki mbili.