Barua kwa mwanangu: washa taa moja tu

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Unauliza mbona ile sanamu yako ya vipande saba vya akriliki, ile plastiki ya rangi inayopitisha mwanga, asubuhi pale dirishani inawaka mpaka unasahau kunywa chai, halafu usiku ukiwasha taa ya chumbani inakuwa kama plastiki zimerundikwa tu, na unataka kujua uongeze vipande au ubadili rangi. Kwanza usiongeze kitu. Umbo liko sawa kabisa, mimi nimelipenda, ila sanamu ya namna hii nusu yake ni taa na hiyo taa hujaichagua bado, umeikuta tu darini ukaiwasha.

Jua pamoja na ukubwa wake wote, sisi huku tunaliona kiduara kidogo tu, kama nusu digrii hivi, ndo maana kivuli chake kina ukingo mkali na rangi inatua ukutani na umbo lake kamili. Ile taa yako ya darini yenye kifuniko cheupe ni pana, mwanga unatoka kila sehemu ya kile kifuniko na kila sehemu inatupa rangi mahali pake, kwa hiyo zinaingiliana zinasambaa chumba kizima mpaka huzioni tena. Tafuta taa moja ndogo isiyo na kifuniko, iweke pembeni, mita mbili hivi kutoka kwenye sanamu, zingine zote zima. Alafu sogeza sanamu karibu na ukuta uone ukingo wa rangi unavyokaza, irudishe nyuma uone unavyolegea na kukua. Huo mchezo wa kusogeza ndo kazi yenyewe mwanangu, mimi naweza kukaa nao usiku mzima na kisu sijakigusa.

Na taa yenyewe iangalie. LED nyeupe nyingi ndani ni chipu ya bluu iliyofunikwa na unga wa njano, macho yanaona weupe lakini wekundu uliomo ni mchache, sasa kile kipande chako chekundu unachokilalamikia kipitishe nini? Kwenye boksi tafuta herufi CRI, ni kipimo cha taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia, iwe 90 kwenda juu.

Kuhusu lile doa jeusi pale katikati, nimelikuza kwenye picha nikaliona, ni pale chekundu kimepanda juu ya kijani. Kipande cha rangi hakiongezi kitu kwenye mwanga, kinazuia. Chekundu kimeshazuia karibu kila kitu isipokuwa wekundu, na kijani nacho kinauzuia huo wekundu uliobaki, basi hapo hapiti mtu. Weka njano juu ya samawati uone: njano inazuia bluu, samawati inazuia nyekundu, kinachopona katikati ni kijani, tena kijani safi ambacho hujakinunua wala hujakipaka. Lakini ukichukua taa mbili, moja nyekundu moja kijani, ukazielekeza ukutani sehemu moja, unapata njano. Mara ya kwanza nilidhani nimeharibu taa. Mwanga unajumlishana, vipande vinapunguza, na ukishalishika hilo utaacha kubahatisha.

Kuna kikombe kimoja cha kioo cha Warumi, cha karne ya 4, kipo British Museum kule London, kinaitwa Lycurgus. Mwanga ukikipiga kwa mbele ni kijani kizito kama jiwe, taa ikiwekwa kwa nyuma au ndani kinakuwa chekundu kama kaa la moto. Kikombe kilekile. Kwenye kioo kuna chembe za dhahabu na fedha, ndogo mno hata darubini ya kawaida haizioni, na hizo ndo zinafanya hivyo. Mimi nikiwaza habari ya kikombe hicho siwezi kabisa kusema sanamu yako ina rangi fulani, inabidi niulize kwanza taa imekaa wapi.

Kitu kingine kabla sijasahau, kingo zako. Umezikata zikabaki na mikwaruzo, zipitishe msasa wa maji 400, kisha 800, kisha 1200, mwisho polishi na kitambaa laini, maana ukingo ukilainika unauona ndani kabisa, rangi pale inakuwa nzito kwa sababu mwanga umesafiri ndani ya kipande urefu wote. Ila usifute na spiriti. Mimi nilifuta vipande vilivyotoka kukatwa kwa leza, vilikuwa vinang'aa nikavisifia, asubuhi nikakuta vimejaa vijiufa vyembamba kama nywele kuanzia ukingoni kuingia ndani, kazi ya wiki mbili. Joto la leza linaacha mkazo ndani ya plastiki na spiriti inaufungua. Tumia maji na sabuni kidogo tu.

Kwa hiyo kesho usiku giza likiingia zima kila kitu, washa hiyo taa moja, zunguka nayo mkononi taratibu kabla hujaamua pa kuiweka. Ukipata pa kusimama nitumie picha, ila piga ukuta kwanza, sanamu nitaiona baadae.

Mama yako