Re: Rangi ya bafuni inabanduka na dari imeota madoa meusi

Habari mkuu. Kwa nilivyokuelewa, bafu lako hapo Uyole, Mbeya, lina shawa ya maji moto, rangi inabanduka upande wa shawa, dari ya jipsamu ina madoa meusi, umepaka mara mbili yamerudi. Mimi niko Tukuyu, yamenikuta hayohayo.

Kabla hujanunua kitu panda darini uangalie kama bati linavuja. Kukiwa kukavu basi ni mvuke, unapanda unakutana na dari ya baridi unageuka matone. Kwangu nilikwangua ukuta kwa kidole tu plasta ikatoka kama unga wa sembe uliolowa, kupaka rangi juu ya hiyo ni kutupa hela. Bandua mpaka tofali, acha ikauke kabisa (huku kwetu ni wiki kadhaa, usimsikilize fundi wa siku mbili), piga plasta mpya ikauke nayo, halafu dawa ya kuzuia maji koti mbili, ndo marumaru mpaka juu ya kichwa cha shawa, na kwenye kona weka silikoni (gundi inayovutika kama mpira) sio grauti (ile saruji ya kujazia kati ya marumaru), grauti ya kona hupasuka. Dari ya jipsamu toa weka ya PVC (plastiki). Na dirisha jamani, ukishaoga liache wazi hata kama baridi inauma.