Rimu za inchi 17 kwenye Premio

Ndugu yangu, umeuliza kama Toyota Premio yako inayotumia tairi za 195/65R15 (yaani upana wa milimita 195, ubavu wenye kimo cha asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 15) inaweza kuvaa rimu za inchi 17 hapa Mtwara. Inaweza, mradi tairi ziwe 205/50R17, kwa kuwa kimo chake ni takriban milimita 637 dhidi ya 635 za awali, hivyo spidi inayosomeka kwenye dashibodi haitabadilika sana.

Kinachonitia wasiwasi ni ubavu wa tairi, ambao unapungua kutoka milimita 127 hadi 103 hivi. Mimi niliwahi kufunga za namna hiyo, na nikiwa njiani kwenda Newala gurudumu la mbele kushoto likaingia shimoni. Ukingo wa ndani wa rimu ulipinda kama mdomo wa sufuria iliyoanguka, na upepo ukaisha kabla sijashuka. Kwa kuwa unabeba watoto na mama kwenda Masasi kila mwezi, nakusihi sana uishie inchi 16 zenye tairi za 205/55R16, kisha, gari likiwa limejaa watu, ukate usukani mpaka mwisho kila upande uone kama tairi inagusa madigadi.