Ukigawa kundi la nyuki, tazama umri kabla ya idadi

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wanaoanza kufuga nyuki ni hili: "Nimegawa kundi katikati, fremu (viunzi vya masega) nusu huku na nusu huku, mbona siku ya pili tu mzinga mpya umepungua?" Wengi hudhani nyuki wamekufa au wamehama. Wamerudi walikotoka, na karibu wote waliorudi ni wa rika moja.

Ndani ya mzinga hakuna msimamizi. Malkia hatoi amri. Yeye hutaga tu, na maua yakiwa mengi huweza kupita mayai 1,000 kwa siku. Kazi za vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, hufuata umri. Kibarua anapotoka kwenye seli, kijumba cha nta alimokulia, huanza kwa kuzisafisha seli. Baada ya siku chache tezi za kichwani hukomaa na kutoa maziwa ya nyuki, basi huwa mlezi wa majana, watoto wa nyuki. Kisha hufanya kazi ya tezi za nta: hujenga masega, hupokea mbochi, ule utamu wa maua. Baadhi hulinda mlango. Kama wiki ya tatu hivi hutoka kutafuta chakula, na kazi hiyo ndiyo humchosha hadi kufa. Msimu wa shughuli nyingi haishi zaidi ya wiki sita hivi.

Sasa, nyuki wa nje hukariri mahali, hakariri sanduku. Ukiuweka mzinga mpya mita chache kutoka ule wa zamani, watatoka asubuhi kama kawaida na kurejea palepale walipozoea. Unabaki na walezi na majana. Kwa hiyo mimi sihesabu fremu. Huhamisha majana yaliyokwisha kufunikwa kwa nta, kwa sababu hayahitaji kulishwa na karibuni yatatoa nyuki wachanga. Huongeza fremu moja yenye mayai na majana madogo kabisa ili wajitengenezee malkia, na fremu za asali na chavua, maana kwa siku kadhaa hakuna atakayeleta kitu. Halafu huongeza walezi: nachukua fremu ya majana yasiyofunikwa, nahakikisha malkia hayupo, naitikisa kidogo. Wakubwa huruka upesi, wachanga hung'ang'ania. Hao walioshikilia ndio nawakung'utia kwenye mzinga mpya. Mlango naupunguza uwe wa kupita nyuki wawili watatu tu, kwa kuwa walinzi nao wamebaki wachache na majirani wezi hawakosi.

Utaona mzinga mpya ni mpole ajabu siku za mwanzo. Usijisifu kwamba una mkono mzuri. Wenye kuuma wameondoka tu. Ule wa zamani ndio wa kuvalia vizuri.

Nani atakwenda nje sasa? Hapa ndipo mimi huwavulia kofia wadudu hawa. Nyuki wa nje hubeba kemikali iitwayo ethili oleati, na inapowafikia wachanga huchelewesha kukua kwao kitabia, wakabaki kwenye kazi za ndani. Watafiti waliitambua kazi hiyo ya kemikali mwaka 2004. Wakubwa wakipungua, breki hiyo hulegea, na baadhi ya walezi hutoka nje wakiwa na umri wa wiki moja au zaidi kidogo. Kinyume chake pia hutokea: kundi likikosa walezi, baadhi ya nyuki wa nje hurudi ndani na tezi zao za maziwa hufufuka. Ila anayeanza safari mapema huwa na maisha mafupi, kwa hiyo kundi jipya nalipa chakula na silidai asali msimu huo.

Utakuta pia nyuki wengi wamesimama tu juu ya masega. Waache. Martin Lindauer, Mjerumani aliyemfuatilia nyuki mmoja mmoja miaka ya 1950, aliona kibarua akitumia zaidi ya nusu ya muda wake kupumzika au kuzurura mzingani. Mimi huwachukulia kuwa akiba, na katika kundi lililogawanywa akiba hiyo ndiyo inayoziba mapengo.

Kinachobaki ni subira. Malkia huchukua siku 16 tangu yai hadi kutoka, kisha lazima akomae, aruke kupandwa na madume, arudi. Hesabu kama wiki nne kabla ya kuona mayai. Siku za kuruka kwake sifungui mzinga kabisa. Usihofu kwamba walezi watakuwa wamezeeka wakati huo: pasipokuwa na majana ya kulisha, vibarua huishi muda mrefu zaidi, na wengi huwa bado wana uwezo wa kulea.

Ukifungua ukakuta mayai kadhaa katika seli moja, angalia yalipo. Malkia mgeni huweza kuweka mawili mwanzoni, lakini huyaweka chini kabisa ya seli. Yakiwa yamebandikwa kwenye kuta za seli, hao ni vibarua wanaotaga, na mayai yao yatatoa madume tu. Kuwapa malkia mpya hapo mara nyingi ni kumpoteza, kwani humuua. Mimi huwaunganisha na kundi lenye nguvu na malkia anayetaga, nikagawa tena baadaye.